Kutoka Gahini hadi Buta: Nani anawalea viongozi wa kesho wa makanisa yetu?

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tunaifahamu hadithi hii, kwa sababu imetokea katika mji tunaoishi au mji wa jirani. Familia tano au sita zinaanza kusali kwa Kiswahili sebuleni kwa mmoja wao. Baada ya muda wanaongezeka, wanakodi ukumbi wa kanisa la wenyeji kila Jumapili mchana, wananunua vyombo vya muziki, kwaya inashona sare. Mchungaji ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi, ndiye anayejua namba ya siri ya benki, na ndiye anayehubiri Jumapili zote 52 za mwaka. Siku akiugua, akihama au akikorofishana na wazee wa kanisa, ushirika unapasuka vipande viwili, kila kipande kinatafuta ukumbi wake, na vijana waliochoshwa na ugomvi wanaacha kuja kabisa.

Nyumbani nako hali haina tofauti kubwa. Mwanzilishi wa huduma, ambaye picha yake imejaa kwenye mabango ya barabarani, anafariki dunia. Arobaini haijafika, wasaidizi wake na ndugu zake wako mahakamani wakigombea kiwanja, magari na jina la kanisa. Waumini wanabaki wameduwaa, hawajui wamfuate nani.

Ndugu msomaji, kinachoshangaza ni kwamba ukanda wetu wa Maziwa Makuu ndio uliowahi kuipa dunia mfano mkubwa wa kulea viongozi wa Kikristo wanaodumu. Na ukanda huohuo, mwaka 1994, uliona watu wakichinjwa ndani ya makanisa, wakati mwingine kwa msaada wa waliowabatiza. Historia hizi mbili zote ni zetu. Ukisimulia moja na kuficha nyingine, hutajifunza kitu. Makala hii inajaribu kuzisoma pamoja na kuuliza: kiongozi anayesimama wakati wa tufani hulelewaje, na yule anayeanguka alikosa nini?

Watu wawili na Biblia mjini Kampala

Mwaka 1928 daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Alikuta eneo lililoumizwa na njaa kali, wagonjwa wengi, wahudumu wachache na wamisionari waliochoka. Mwaka uliofuata, Septemba 1929, akiwa Kampala kwa mapumziko, alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, mtu wa familia ya heshima aliyewahi kufanya kazi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni.

Watu hao wawili, Mzungu na Mwafrika, walikaa siku mbili katika mlima wa Namirembe wakisoma Biblia na kusali pamoja. Leo hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Katika ukoloni wa wakati ule, mmisionari alikuwa mwalimu na Mwafrika mwanafunzi, na kila mmoja alijua kiti chake. Pale Namirembe wote wawili walikaa kama wanafunzi.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha na baadaye akaongoza shule ya wainjilisti. Mhudumu mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka, hakupendezwa na moto wa Kigozi. Kumbukumbu za uamsho zinaeleza kwamba Kinuka alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamlalamikia juu ya mambo ya hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamgeuzia swali: je, moyo wako wewe mwenyewe ukoje? Kinuka alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, na baadaye akawa mchungaji na mmoja wa nguzo za harakati hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1933 mkutano wa Gahini uligeuka kuwa siku za toba ya wazi, na mwaka 1935 moto ukafika Kabale, Uganda.

Kigozi alifariki Januari 1936 kwa homa ya papasi, akiwa bado kijana. Harakati ambayo ingekuwa ya mtu mmoja ingezikwa naye. Lakini kufikia mwaka 1937 timu ya wahubiri, weusi kwa weupe, ilikuwa imekwishafika Kenya, na muda si mrefu ujumbe ukaenea Bukoba na Dodoma katika Tanganyika ya wakati huo.

Mlokole ni nani?

Neno letu la Kiswahili "mlokole" lilizaliwa humo. Limetoka katika Kiganda, ambako kulokoka ni kuokoka na balokole ni waliookoka. Watu waliwabandika jina hilo kwa dhihaka, wao wakalipokea. Siku hizi tunalitumia kwa mtu yeyote anayesali sana au asiyekunywa pombe, lakini wakati ule lilikuwa na maana nzito zaidi. Mlokole alikuwa mtu aliye ndani ya ushirika.

Ushirika huo ndio ulikuwa shule yenyewe. Haukuwa na jengo, cheti wala ada. Watu wachache walikutana kila wiki, mara nyingine zaidi ya mara moja, chini ya mti, katika nyumba ya mwalimu au kwenye veranda ya zahanati. Walisoma kifungu cha Biblia na kila mmoja alisema kilichomgusa. Kisha wakafanya kile walichokiita kutembea nuruni: mtu anasema waziwazi alikoanguka katika wiki hiyo, wenzake wanamwombea, na kama ameiba anarudisha. Watu walirudisha ng'ombe, fedha na vifaa vya waajiri. Wamisionari nao walisimama na kutubu kiburi cha rangi yao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwaita "boi".

Mambo matatu katika mpangilio ule yanastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayetaka kulea viongozi.

Kwanza, mdogo alikuwa na ruhusa ya kumwonya mkubwa. Mpishi aliweza kumwambia daktari, na mwalimu wa shule ya msingi aliweza kumwambia askofu, kwamba ndugu, hapa umekosea. Pili, kazi iligawanywa mapema. Mtu aliyeokoka mwezi uliopita alitumwa na timu kutoa ushuhuda kijiji cha jirani, akiwa na wakongwe wa kumshika mkono. Tatu, wanawake walisimama na kusema. Katika jamii ambazo mwanamke hakusema mbele ya wazee, hilo lilikuwa shule ya uongozi peke yake. Si ajabu kwamba mwaka 1983 Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa uamsho huo, aliwapa wanawake watatu upadre, wakati Kanisa la Uingereza lilikuwa bado na zaidi ya miaka kumi mbele yake kufika hapo.

Ukifungua Injili ya Marko sura ya tatu utaona chanzo cha mpangilio huo. Yesu alipowachagua wale kumi na wawili, sababu ya kwanza iliyotajwa ni wawe pamoja naye, na kutumwa kuhubiri kukafuata. Paulo naye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya pili, anapanga vizazi vinne katika sentensi moja: yeye, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Kiongozi anayehesabu waumini wake tu hajafika kwenye hesabu ya Paulo. Paulo anauliza wajukuu wako wapi.

Waliofukuzwa Mukono

Uamsho haukupokelewa na wote kwa mikono miwili, na yenyewe haukukosa kasoro. Kulikuwa na kujihesabia haki, kelele za usiku kucha, na hukumu za haraka kwa wasio wa kundi. Mwaka 1941 mgogoro ulilipuka katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono. Wanafunzi 26 walifukuzwa baada ya kukataa amri ya uongozi wa chuo kuacha sala zao za alfajiri na mahubiri yao. Miongoni mwao alikuwemo William Nagenda, kijana msomi aliyekuwa akiandaliwa kuwa kasisi.

Nagenda hakupata upadre maisha yake yote. Alifariki mwaka 1973 akiwa mlei. Lakini katika miaka hiyo aliyonyimwa kola alihubiri Afrika Mashariki, Ulaya, Marekani na Asia, na maaskofu walikaa kumsikiliza.

Hapa kuna jambo linalotuhusu. Kundi lililofukuzwa lingeweza kuanzisha kanisa lake jipya kesho yake asubuhi. Wafuasi walikuwepo, wahubiri walikuwepo. Walichagua kubaki ndani ya kanisa lilelile lililowafukuza. Linganisha na sisi, ambao ugomvi juu ya ratiba ya kwaya unatosha kuzaa dhehebu jipya lenye katiba na mhuri.

Februari 1977

Malezi hupimwa siku ya hatari. Kwa Uganda siku hiyo ilikuja chini ya utawala wa Idi Amin.

Janani Luwum, Mwacholi aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule alipookoka mwezi Januari 1948 kupitia watu wa uamsho. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Usiku wa Februari 5, 1977, askari walivamia nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua ya pamoja wakipinga mauaji na uonevu uliokuwa ukiendelea nchini. Barua ile haikuwa na jina la shujaa mmoja. Waliokuwa wamezoea kuambiana ukweli katika ushirika wao walijua namna ya kumwambia ukweli mtu mwenye bunduki.

Februari 16 maaskofu waliitwa kwenye hoteli ya Nile Mansions mjini Kampala. Luwum alitengwa na wenzake, na hakuonekana tena akiwa hai. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Ibada ya mazishi ilipigwa marufuku, lakini waumini walifurika Namirembe Jumapili iliyofuata, wakasimama kando ya kaburi tupu. Leo Februari 16 ni siku ya mapumziko ya taifa nchini Uganda, tangu mwaka 2015.

Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku na kuingia Rwanda, nchi ambako uamsho uliowalea ulianzia. Akiwa uhamishoni aliandika kitabu chenye jina lililowashangaza wengi, "I Love Idi Amin", yaani "Nampenda Idi Amin". Kwetu tulioondoka makwetu kwa sababu ya kalamu au siasa, kitabu hicho ni kigumu kusoma. Chuki ni mzigo ambao mkimbizi huubeba bila kulipia kwenye ndege, na Kivengere aliamua kuushusha. Amin alipoanguka mwaka 1979, alirudi kuhudumu hadi alipofariki mwaka 1988.

Na kanisa? Silvanus Wani alishika nafasi ya Luwum, na mwaka huohuo wa 1977 Kanisa la Uganda lilisherehekea miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wafike. Muuaji aliondoa kichwa, akakuta vichwa vingine. Hiyo ndiyo maana ya uongozi unaodumu.

Bukoba: Kuachia kiti mapema

Tanzania nayo ina mfano wake, usio na damu lakini wenye somo. Mwaka 1961 Walutheri wa Bukoba walimpata askofu wao wa kwanza, Bengt Sundkler, profesa wa Kiswidi na mwanahistoria maarufu wa makanisa ya Afrika. Angeweza kukaa miaka 20 na watu wangemshukuru. Alikaa miaka mitatu. Mwaka 1964 akamwachia kiti Josiah Kibira, mzaliwa wa Kagera, mtoto wa uamsho, aliyekuwa amesoma theolojia Ujerumani na Marekani.

Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Afya ilipodhoofu aliondoka kwenye uaskofu katikati ya miaka ya 1980, akafariki mwaka 1988. Aliyempokea dayosisi, Samson Mushemba, baadaye akawa mkuu wa KKKT nzima.

Angalia mnyororo huo: Sundkler, Kibira, Mushemba. Kila mmoja alimkuta mtu ameandaliwa na kila mmoja alimwacha mtu ameandaliwa. Hakuna aliyesubiri kubebwa kwenye machela. Siku hizi tunawalaumu marais wetu wanaobadilisha katiba ili waendelee kutawala, lakini katiba ya kanisa letu imeandikwa kwamba mchungaji mwanzilishi ni wa maisha, na tumeipigia makofi.

1994: Malezi yalikwama wapi?

Sasa tufike mahali panapouma. Nchi ya Gahini, chimbuko la uamsho, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kati ya Aprili na Julai 1994. Mwanzoni mwa miaka ile ya 1990, takriban Wanyarwanda 9 kati ya 10 walijihesabu kuwa Wakristo. Watu walikimbilia makanisani Nyamata, Ntarama, Nyarubuye na kwingineko wakiamini hakuna atakayewagusa, na humo ndimo walimouawa.

Baadhi ya viongozi wa dini walifikishwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Kanisa la Waadventista alihukumiwa mwaka 2003 kifungo cha miaka 10. Padri Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliojificha ndani, alipewa kifungo cha maisha mwaka 2008. Samuel Musabyimana, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Shyogwe, alishitakiwa na kukana mashitaka, akafariki mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa, kwa hiyo hukumu haikutolewa.

Watu wengi wameuliza: uamsho ulikuwa wapi? Swali ni halali. Kwa maoni yangu majibu yako matatu.

La kwanza ni kasi. Baada ya ufalme kumkubali Kristo, ubatizo Rwanda ulikwenda kama mafuriko. Mwaka 1946 Mwami Mutara Rudahigwa aliiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Waliobatizwa wakawa wengi kuliko waliofundishwa. Kanisa lilijaa waumini, lakini wanafunzi walikuwa wachache.

La pili ni ukaribu na ikulu. Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi ndani ya Kamati Kuu ya chama tawala, MRND, hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1980. Viongozi wa Kiprotestanti nao hawakukaa mbali na meza hiyo. Kiongozi anayekula na mtawala kila wiki hupoteza sauti taratibu, na siku anapoihitaji hugundua haipo.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na linahusu uamsho wenyewe. Walokole walijifunza kutubu ulevi, uzinzi, wizi na uganga. Juu ya kabila walisema, kwa nia njema, kwamba katika Kristo hakuna tena Mhutu wala Mtutsi, wakaishia hapo. Lakini mfukoni kila mmoja alikuwa na kitambulisho kilichoandikwa kabila, utaratibu ulioachwa na Wabelgiji. Shuleni kulikuwa na mgawo wa nafasi kwa kabila. Kila familia ilikuwa na kumbukumbu za mwaka 1959, 1963 na 1973. Mambo hayo yalibaki nje ya mlango wa ushirika. Dhambi isiyotajwa haitubiwi, na mwanafunzi hawezi kushinda mtihani wa somo ambalo mwalimu wake aliliogopa.

Hata hivyo si wote walioanguka. Félicité Niyitegeka, Mhutu, mlei wa Kikatoliki aliyeongoza nyumba ya mafungo mjini Gisenyi, aliwaficha Watutsi na kuwavusha kwenda Goma. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe. Alikataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao Aprili 21, 1994. Hakuwa na cheo kikubwa kanisani. Leo ni mmoja wa mashujaa wa taifa la Rwanda.

Darasa la Buta

Miaka mitatu baadaye, ng'ambo ya mpaka, lilitokea jambo ambalo Waswahili wengi hawajalisikia.

Burundi ilikuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye auawe Oktoba 21, 1993. Shule nyingi za bweni ziligawanyika, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule, na nyingine zilimwaga damu. Katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa nchi, gombera wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, aliamua kutofuata njia ya kunyamaza. Aliwakalisha wavulana wa makabila yote mawili pamoja, wakazungumza waziwazi juu ya yaliyokuwa yakitokea nchini, juu ya hofu yao na hasira yao, juu ya ndugu zao waliouawa. Walisali pamoja, walicheza pamoja, walikula pamoja. Kile ambacho wakubwa walikiogopa, vijana hao walikizungumza wakiwa mezani.

Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliivamia seminari na kuingia bwenini. Waliwaamuru wavulana wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Waliambiwa tena, wakakataa tena. Wavulana 40 waliuawa. Wiki sita kabla ya hapo, Machi 18, wanafunzi wa sekondari ya Nyange nchini Rwanda, katika eneo lilelile ambako kanisa liliangushwa juu ya watu mwaka 1994, nao walikuwa wameamriwa na wavamizi wajitenge kwa kabila, nao wakakataa, na baadhi yao wakauawa.

Hawa hawakuwa maaskofu. Walikuwa watoto wa shule. Ukitaka kujua kama malezi yanafanya kazi, tazama kile walichofanya vijana wa Buta saa ambayo mwalimu hakuwepo bwenini kuwaambia la kufanya. Uamuzi ulikuwa umekwishafanyika miezi mingi kabla, katika mazungumzo yale magumu ambayo gombera hakuyaogopa.

Sisi wa ughaibuni tufanye nini?

Makanisa mengi ya Kiswahili yaliyoko Marekani yalizaliwa kambini. Mwaka 2007 Marekani ilianza kuwapokea Warundi waliokimbia mwaka 1972, walioishi ukimbizini miaka zaidi ya 30, na baadaye Wakongo wengi kutoka Nyarugusu, Kigoma, na kambi nyingine. Walifika na mabegi machache, Biblia na daftari la nyimbo. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha Mbembe, Mfulero, Munyamulenge, Mrundi na Mtanzania katika ukumbi mmoja.

Lakini tusijidanganye. Ugomvi wa nyumbani nao ulipanda ndege. Kuna makanisa ambayo ukichunguza mgawanyiko wake utakuta ni kabila lililovaa nguo ya mafundisho. Vita vya mashariki ya Kongo vinapopamba moto, watu waliokaa benchi moja Jumapili iliyopita wanaacha kusalimiana. Na mchungaji, akiogopa kupoteza sadaka za upande mmoja, anahubiri juu ya mafanikio.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu si ngumu kuieleza, ingawa ni ngumu kuifanya. Kila kiongozi awe na watu wachache, watatu au wanne, anaokaa nao kila wiki, ambao wana ruhusa ya kumuuliza juu ya fedha, ndoa na hasira yake. Kitabu cha mahesabu kisomwe na zaidi ya mtu mmoja. Mimbari igawanywe, hata kama kijana atahubiri vibaya mara tano za kwanza. Vijana waliozaliwa huku, ambao Kiswahili chao kinachechemea, wapewe kazi yenye uzito sasa, kwani kuwabebesha spika na kurekodi ibada kwa miaka kumi si malezi. Muda wa uongozi uandikwe, na uheshimiwe. Na jambo lile linalotutenganisha, liwe kabila, nchi au chama, litajwe ndani ya ushirika tukiwa bado tunapendana, kabla halijatajwa na mtu mwenye panga au mwenye kipaza sauti cha redio.

Wapo watakaosema kwamba mfumo huu ni wa polepole. Ni kweli. Nsibambi na Church walianza na watu wawili, na miaka minne ikapita kabla Gahini haijawaka. Padri Bukuru alikuwa na bweni moja tu la wavulana. Anayetaka uwanja uliojaa ifikapo Krismasi atafute njia nyingine, na njia hizo ziko tele.

Lakini kila mchungaji, mzee wa kanisa, mama wa kikundi cha maombi na kiongozi wa kwaya anayesoma makala hii anaweza kujipima leo kwa dakika tano. Achukue karatasi na kuandika majina ya watu ambao wataendelea na kazi yake asipoamka kesho. Kisha aandike, mbele ya kila jina, lini mara ya mwisho mtu huyo alimwambia amekosea, naye akasikiliza. Karatasi ikibaki tupu, asiwalaumu vijana.